Kebo mbili za USB kwenda RS232 nilizonunua Kigoma: ya bluu Windows 11 imeikataa, nyeusi inapiga kazi mwezi wa tano sasa

Leo mvua imeshika tangu asubuhi hapa Mwanga, wateja hamna, acha niandike kuhusu hizi kebo maana nimeulizwa sana. Ni kebo mbili za USB kwenda RS232, ya kwanza ni ile ya bluu inayoonyesha ndani nilinunua 12,000, ya pili nyeusi nilinunua 15,000, zote nimenunua hapa hapa Kigoma mjini na zote nimezifanyia kazi ile ile moja, kufufua ving'amuzi. Ya bluu ninayo miezi nane, nyeusi inaingia mwezi wa tano.

Kwa ambaye sio fundi dishi, king'amuzi kinaweza kufa softiwea tu huku kifaa chenyewe ni kizima. Unawasha, kioo cha mbele kinaandika boot, kinaganda hapo hapo mpaka kesho. Vingi vya siku hizi unaweka faili kwenye flashi unachomeka kinajipakia chenyewe, lakini kikishaganda namna hiyo hata flashi hakiioni, mlango unaobaki ni RS232, ile poti ya pini tisa kwa nyuma, na kwenye vile vidogo wameweka tundu kama la hedifoni. Laptopu za sasa hazina poti hiyo ndo maana tunanunua kebo yenye USB upande huu na pini tisa upande ule, na ndani ya lile ganda nene la plastiki kuna chipu inayotafsiri kati ya pande mbili. Ukinunua kebo hii kiukweli umenunua chipu, waya ni waya tu. Tatizo chipu huioni, na kwenye boksi hawaiandiki.

Naanza na ya bluu. Nilinunua duka moja la vifaa ambalo sitalitaja, na muuzaji alinikaribisha vizuri tu akaniambia "Dada, hii ndo wanachukua mafundi wote, Windows yoyote inakubali." Sikuwa na sababu ya kumbishia, kebo ya sura hiyo hiyo nilikuwa nayo zamani kwenye laptopu yangu ya Windows 7 na ilifanya kazi mpaka panya walipoikata. Nikalipa nikaondoka, ikakaa kwenye droo wiki nzima.

Siku ya kwanza kuihitaji ilikuwa jumamosi. Mzee mmoja mwenye banda la mpira kule Kibirizi alinifuata na king'amuzi chake kwenye mfuko, jioni kuna mechi na watu wameshaanza kuulizia. Akaniambia "Mwanangu nisaidie, nisipofungua leo watahamia banda la pili na kuwarudisha ni kazi." Nikafungua kebo, nikachomeka kwenye laptopu ya Windows 11, ikalia ile ting ya kupokea kifaa, nikamwambia mzee kaa tu hapo tunamaliza sasa hivi. Nafungua programu ya kupakia, poti hamna. Naingia Device Manager, ile orodha ya vifaa vyote vya kompyuta, nakuta pembetatu ya njano, na mahali ambapo huwa pana jina la kebo pameandikwa kwa herufi kubwa tupu, kwa kiingereza, kwamba PL2303HXA imeondolewa tangu 2012, tafadhali wasiliana na aliyekuuzia.

Nilisoma mara tatu. Yaani kompyuta inanituma nirudi dukani, na mzee amekaa kwenye stuli ananiangalia.

Hapa nataka tukae kidogo maana watu wengi wakipatwa na hii kitu wanasema kompyuta haijaisoma kebo, wakati iliisoma vizuri sana. Unapochomeka chochote cha USB, kabla hujaona kitu kwenye skrini kuna mazungumzo yanapita. Ndani ya waya wa USB wa kawaida kuna nyaya nne, nyekundu na nyeusi za umeme, kijani na nyeupe za data. Kifaa kikishapata umeme kinauvuta waya mmoja wa data juu kwa rezista ya kilo-omu 1.5, hiyo ndo hodi yake. Kikivuta ule wa D+ kompyuta inaelewa huyu ni wa megabiti 12 kwa sekunde, hizi kebo zetu ziko hapo, kikivuta wa D- ni wa megabiti 1.5 kama mausi nyingi na kibodi. Kompyuta inakiriseti, mpaka hapo kifaa hakina namba yake, kinaitikia anwani sifuri kama kila mgeni anayeingia, halafu kinapewa anwani kati ya 1 na 127 na kuulizwa wewe ni nani. Jibu la kwanza ni fupi mno, baiti 18 tu, na ndani ya hizo 18 kuna namba mbili zinazobeba karibu kila kitu, namba ya kampuni na namba ya bidhaa, sisi tunaziita VID na PID. VID inatolewa na shirika linaloitwa USB-IF, PID kampuni inajipangia yenyewe.

Jina zuri unaloliona kwenye skrini mara nyingi halijatoka hata kwenye kifaa, kompyuta imechukua zile namba ikaangalia kwenye orodha yake au kwenye faili la draiva, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na kifaa, ikasoma jina lililoandikwa humo. Kwa hiyo ukiona kompyuta imeandika jina la kampuni kubwa usiseme hii ni orijino. Imeandika hivyo kwa sababu ya namba.

Baada ya namba inakuja swali la pili, unafanya kazi gani. Hapa USB wamegawa vifaa kwa makundi. Kundi la 03 ni kibodi na mausi na ndugu zake, 07 ni printa, 08 ni flashi na hadi diski, 09 ni habu. Ndo maana flashi ya kampuni usiyowahi kuisikia maishani inafunguka kwenye kompyuta yoyote, Windows haihitaji kumjua aliyeitengeneza, ikisikia 08 tu inatosha, draiva ya kundi zima inayo tayari. Ila chipu nyingi za kwenye hizi kebo zetu zinajibu FF, maana yake mimi nina lugha yangu mwenyewe, mtafute aliyenitengeneza awape draiva. Hapo ndo matatizo yote yanapoanzia, na hapo ndo flashi na kebo ya RS232 zinapoachana njia ingawa zote ni USB na zote umezichomeka tundu lile lile.

Sasa rudi kwenye kebo yangu. Ilipiga hodi, ikajibu 067B na 2303, Windows ikaona hiyo ni kampuni ya Prolific ya Taiwan, chipu PL2303, ikaenda kuchukua draiva ya Prolific ikaiweka. Mpaka hapo kila kitu sawa, ting ikalia. Aliyekataa ni draiva. Chipu ya PL2303 ya kizazi cha zamani iliigizwa mno, Prolific wakaacha kuitengeneza, na draiva zao mpya zinaipima chipu yenyewe kwanza, ikionekana ni ya kizazi kile unapata ujumbe nilioupata mimi, ikionekana ni ya kuiga kabisa kuna ujumbe mwingine unaosema hii sio PL2303 ya Prolific. Na mimi naona wana haki, jina lao ndo linalochafuka kebo ikileta shida. Anayeumia ni mtu aliyelipa 12,000 akaambiwa Windows yoyote inakubali.

Kitu nilichojifunza hapo, na natamani kila mwenye duka la vifaa angekijua, ni kwamba VID na PID hazina muhuri. Ni namba zimeandikwa ndani ya chipu, anayeiga chipu anaiga na namba zake, na mlangoni hakuna anayekagua. Kompyuta inaamini inachoambiwa. Mwaka 2014 mwezi wa kumi ilitokea kubwa zaidi na chipu za FTDI, hao ni kampuni ya Scotland na chipu yao maarufu inajitambulisha 0403 na 6001. Draiva yao mpya ilipitia Windows Update, ikikutana na chipu ya kuiga inaiandika PID upya kuwa 0000. Kebo ya mtu iliyokuwa inafanya kazi jana, leo ikichomekwa inajibu namba isiyo ya mtu yeyote, hata ukiihamishia kompyuta nyingine bado inajibu hivyo hivyo maana namba imebadilishwa ndani yake. Watu walipiga kelele dunia nzima mpaka ikaondolewa. Chipu ilikuwa nzima kabisa, kilichoharibiwa ni kitambulisho tu, na hicho kilitosha kuifanya takataka kwa mtu asiyejua kukirudisha.

Mzee wa Kibirizi tulimuokoa hivi, jirani yangu mwenye steshenari ana kompyuta ya mezani ya zamani yenye Windows 7, nikabeba king'amuzi na kebo nikahamia kwake, nikaweka draiva ya zamani niliyokuwa nayo kwenye flashi, kebo ile ile iliyokataliwa ikatokea kama poti ya COM3 bila pembetatu. Nikaseti kasi ya 115200, nikabonyeza kupakia, nikawasha king'amuzi, mstari ukaanza kutembea. Saa kumi na moja na nusu mzee anapanda bodaboda na king'amuzi chake, na alinipigia baada ya mechi kuniambia watu walijaa. Nilifurahi sana siku ile, sitaki kuficha.

Baadae nyumbani nikatulia nikaijaribu kebo ya bluu kwa namna tatu. Kwanza kwenye Windows 11 hiyo hiyo nikaiambia isichukue draiva mpya, nikachagua kwa mkono ile ya zamani 3.3.2.105 ya mwaka 2008, na ikakubali, ikafanya kazi wiki mbili hivi halafu Windows ikajisasisha ikarudisha ile mpya na pembetatu ikarudi nayo, nikabadilisha tena, ikarudi tena. Pili nikawasha laptopu kwa flashi yenye Ubuntu, nikachomeka, nikaandika lsusb, amri ya kuorodhesha vifaa vya USB, nikaiona 067b:2303, na poti ikatokea ttyUSB0 bila kuweka kitu chochote, Linux ina draiva yake yenyewe kwa chipu hiyo na haiikatai. Tatu nikapima kwa mita, pini ya 3 na ya 5, ikiwa imetulia unatakiwa kupata volti hasi, nikapata hasi 5 na ushee, sawa kabisa. Kwa hiyo kebo kama kebo haina ubaya, inapeleka data, haikatikikatiki, plastiki yake ni ngumu. Ila mwenye Windows 10 au 11 asiinunue kwa sababu kila mwezi atakuwa anapigana na draiva, na mteja akiwa amekaa mbele yako hutaki kupigana na draiva. Mwenye Windows 7 au anayetumia Linux aichukue hata leo, aombe wampunguzie.

Nyeusi sasa. Hii nilinunua kwa dogo mmoja ana kibanda karibu na soko la Mwanga, anauza chaja, flashi, hedifoni, kebo za kila aina, mzigo wake anaagiza Kariakoo unashushwa stendi. Safari hii nilienda nimejipanga. Kuna apu za bure za Android za kusoma vifaa vya USB, unachomeka kebo kwenye simu kupitia kile kiunganishi kidogo cha OTG na simu inakuwa ndo kompyuta, inauliza maswali yale yale na kukuonyesha VID na PID. Nikamwambia "Mdogo wangu, naomba nichomeke kabla sijalipa." Akasita, akasema ikiharibika je, nikamwambia ikiharibika nailipa, akanipa.

Alikuwa na kebo tatu za RS232, mifuko inafanana, karatasi ya ndani inafanana, rangi nyeusi zote, ukiziweka pamoja huwezi kuzitofautisha. Ya kwanza nikachomeka, 067B na 2303. Nikaitoa. Ya pili, 067B na 2303. Dogo ameshasogea anaangalia simu begani kwangu. Ya tatu, 1A86 na 7523, na chini yake jina ambalo kebo yenyewe imejiandika, USB Serial. Hiyo ni CH340, ya kampuni ya kichina ya Nanjing, WCH. Nikamwambia hii ndo yangu. Akaniuliza "Dada mbona hizi zote ni moja, zimekuja boksi moja?" Nikamwambia zimekuja boksi moja lakini ndani ni watu tofauti, akazichukua zile mbili akazigeuza geuza kutafuta tofauti kwa macho, hakuna. Nikampa 15,000 na nikamwachia ile apu kwenye simu yake.

Kwenye Windows 11 nilichomeka nikiwa na bando, ikachukua draiva yenyewe kama dakika moja hivi, ikatokea COM5. Bila bando haitatokea kitu, itakaa kwenye orodha na alama ya njano ikisubiri, kwa hiyo wekeni faili la draiva yake, CH341SER, kwenye flashi ya kazi, ni dogo sana na linatatua hilo milele. Tangu hapo nimeshafufua nayo ving'amuzi vingi tu, vya Gungu, vya Ujiji, kimoja kililetwa kutoka Katonga kimeingia maji ya mvua, hakijawahi kukatika katikati ya kupakia. Na kukatika katikati ndo kitu ninachokiogopa kuliko vyote kwenye hii kazi.

Ina vitu vinaniudhi pia. Waya ni mfupi, kama sentimeta 80, ukiwa na king'amuzi mezani na laptopu pembeni inabidi uvisogeze vigusane. Zile skrubu za pembeni za pini tisa hazishiki upande wa pili kwa sababu zote mbili ni za kike, nikazitoa kwa koleo. Haina taa, na mimi napenda kebo yenye taa inayopepesa maana unajua data inatembea.

Lakini kubwa ni namba ya COM. Nikichomeka tundu la kushoto ni COM5, la kulia ni COM6, nikiweka kwenye habu ni COM8, na programu yangu moja ya zamani inajua mpaka COM4 tu basi. Mwanzoni nilidhani ni uhuni wa draiva. Sivyo. Zile baiti 18 zina nafasi ya kusema pia mimi nina namba ya siriali au sina, na CH340 yangu inasema sina. Windows ikikutana na kifaa kisicho na siriali haiwezi kujua kama ni kile cha jana au ni pacha wake, kwa hiyo inakitambua kwa tundu kilipochomekwa, ukihamisha tundu kwake huyo ni mgeni mpya, anaandikishwa upya, anapewa COM mpya. Kebo yenye siriali, kama zile za FTDI orijino, unaihamisha popote na inabaki na COM yake. Na wale wa zamani hawafutwi, ukiingia Device Manager ukaweka ionyeshe vilivyofichwa unawakuta wamepauka pale, mimi nilikuta kebo moja imeandikishwa mara tano kama watu watano. Kuna programu ya bure ya NirSoft inaitwa USBDeview inaonyesha orodha nzima ya vyote vilivyowahi kuchomekwa na namba zao, humo unaweza kuwafuta. Nilichofanya mimi nimeweka alama ya wino mweupe kwenye tundu la kushoto, kebo nyeusi inaingia hapo tu, na nimeibadilisha COM yake kwa mkono kuwa COM3 kwenye mipangilio ya poti. Toka siku hiyo hainisumbui.

Nikishaanza kusoma namba nimejikuta nasoma kila kitu, na kwenye simu ndo imenisaidia kuliko hata kwenye ving'amuzi. Simu ile ile moja inabadilisha kitambulisho kulingana na hali iliyomo. Yenye chipu ya MediaTek ikiwa imezimwa ukichomeka inajitokeza sekunde chache kama 0E8D na 2000 halafu inapotea, usipokuwa na draiva tayari imekupita. Ya Qualcomm iliyokufa kabisa, haitetemeki, haionyeshi chaji, wenyewe wameshaililia, ukichomeka kompyuta ikasema 05C6 na 9008 basi hiyo haijafa, chipu inapumua na inasubiri upewe programu. Mwezi uliopita mama mmoja muuza dagaa alileta simu ya mwanae, imezunguka kwa mafundi wawili wakamwambia bodi imekufa anunue nyingine. Nikachomeka, ting, 9008. Nikamwambia mama usinunue kitu, niachie mpaka kesho. Alirudi kesho yake akaipokea inawaka, picha za mjukuu wake wa kwanza hazikupona kwa kweli maana nililazimika kuandika upya kila kitu, hilo nilimwambia mapema kabla sijaanza na akakubali, lakini simu anayo.

Na kinyume chake, ukichomeka ikaandika kifaa kisichojulikana, maombi ya kitambulisho yameshindikana, na kwenye Hardware Ids unaona VID_0000 na PID_0002, hapo hodi imepigwa lakini alipoulizwa wewe nani hakujibu au jibu lilifika limechanika. Usihangaike na draiva kabisa, draiva haihusiki bado, badilisha waya kwanza, kisha tundu, kisha safisha chaji sistimu ya simu, lile tundu la kuchajia, kwa brashi na spiriti. Kijana mmoja alishapakua draiva za megabaiti mia mbili kwa bando lake kwa tatizo ambalo lilikuwa ni vumbi. Kama kimya kabisa, simu inachaji ila kompyuta haijalia hata ting, angalia hiyo kebo yako, nyingi za bei rahisi zina nyaya mbili tu za umeme, zile za data hawajaweka. Nilipasua moja ya 2,000 hapa mezani, nyekundu na nyeusi, basi, kijani na nyeupe hamna hata kipande. Hodi itapigwa na nani.

Kwa hiyo kwa anayetaka kununua, nyeusi ya CH340 kwa 15,000 naipa nyota nne, hiyo moja naikata kwa sababu ya waya mfupi na zile skrubu. Bluu kwa 12,000 naipa mbili, na ni mbili kwa sababu bado inanifanyia kazi kwa jirani kwenye Windows 7. Niliirudisha dukani nikaomba tubadilishane, wakaniambia kitu kilichofunguliwa hakirudi, nikawaonyesha ule ujumbe kwenye laptopu nikawaeleza ndugu zangu hizi mlizonazo mnauza kwa watu wenye Windows mpya watawarudia, wakanisikiliza lakini hela hawakurudisha.

Wiki iliyopita nilipita kwa yule dogo wa sokoni kununua kiunganishi cha OTG, kile cha kwanza kimelegea. Nikakuta amepanga kebo zake za RS232 kwenye misumari miwili, na kila mfuko ameandika kwa maka peni, upande huu 2303, upande ule 7523, zile za 2303 ameshusha mpaka 9,000 na akija mtu anamuuliza kwanza una Windows gani. Zile 7523 zilikuwa zimebaki mbili, nikachukua moja ya akiba.